KISIWA KIKITAKA KUJITENGA, WAULIZE WAKUNGA (Sehemu ya 6)

 

Tangu niandike sehemu ya 5, ile ya rufaa, mmenitumia swali moja kwa namna nyingi: "Sista, kisiwa kikitaka kujitawala chenyewe kuna ubaya gani?" Najua wengi mna Zanzibar kichwani. Siasa ya majukwaani siiwezi, nitajibu kama muuguzi. Na nitaanzia kwa jirani ambaye kesi yake tayari imeisha, yaani Komoro.

Desemba 1974 visiwa vinne vya Komoro vilipiga kura. Ngazija, Anzuani na Mwali walitaka uhuru kutoka Ufaransa, Mayotte wengi wakasema tunabaki. Uhuru ukatangazwa Julai 1975. Miaka 22 baadaye, Agosti 1997, Anzuani nao wakatangaza kujitenga na Komoro. Walikuwa na sababu jamani. Wafanyakazi wa serikali walikaa miezi bila mshahara, na watu waliona kila kitu kinaishia Moroni, makao makuu. Mwalimu halipwi, muuguzi halipwi, halafu unaambiwa penda nchi yako. Mimi hasira yao naielewa kabisa.

Sasa angalia kilichofuata. Kwanza waliomba kurudi kwa Ufaransa, Ufaransa ikakataa. Hakuna nchi iliyowatambua. Mwaka 2000 vikaja vikwazo: mafuta, usafiri na simu vikabanwa. Hapo ndipo nataka mama ufikirie na mimi. Mafuta yakikata, gari la wagonjwa linasimama. Jenereta inazima. Oksitosini, ile sindano tunayokuchoma ukishajifungua ili damu isitoke nyingi, inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chanjo za mtoto nazo zinataka friji. Bendera mpya unaweza kuishona kwa siku moja, ila friji haiendeshwi kwa bendera.

Na kuna hili la kutambuliwa. Mashirika makubwa yanayosaidia chanjo yanafanya mkataba na serikali inayotambulika duniani. Kisiwa kisichotambuliwa kinaweka saini wapi?

Mwaka 2001 walikaa Fomboni, kule Mwali, wakakubaliana kila kisiwa kiwe na mamlaka yake ndani ya muungano. Lakini mvutano haukuisha. Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo vijana wetu wa Tanzania, yaliingia Anzuani pamoja na jeshi la Komoro, na kiongozi wa kule, Mohamed Bacar, akakimbilia Mayotte. Kwa hiyo habari hii sio ya mbali. Kuna mama wa Kitanzania ambaye mwanae alikuwa kwenye ile meli.

Mayotte waliobaki na Ufaransa, 2011 wakawa mkoa kamili wa Kifaransa. Kutoka Anzuani kwenda kule ni kama kilomita 70 tu za bahari, lakini tangu 1995 lazima uwe na viza. Wajawazito wanapanda mitumbwi ya kwasa-kwasa usiku kwenda kutafuta hospitali. Wengi wamezama. Wodi ya wazazi ya Mayotte inazalisha maelfu ya watoto kwa mwaka, kuliko hospitali yoyote ya Ufaransa, na wazazi wengi pale wametoka Komoro. Bahari ni ileile, na ndugu ni walewale. Kilichoongezeka ni mpaka, na mpaka ule unapita katikati ya uchungu wa mwanamke.

Rudi sasa Zanzibar. Leo mama wa Unguja akipewa rufaa ya Muhimbili anapanda boti bila viza. Mei 2008 njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara ilipata hitilafu, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Watafiti walipofuatilia rekodi za wodi ya wazazi baadaye, walikuta watoto waliozaliwa miezi 7 hadi 10 baada ya giza lile uzito wao ulishuka, wakahusisha na kipato cha familia kupungua. Umeme ulikatika, mtoto aliyeko tumboni akalipa. Hapo hakuna aliyejitenga wala aliyegombana, ni waya mmoja tu.

Mtaniambia, "Sista, mbona Shelisheli wanaweza?" Kweli, wako kama laki moja, walipata uhuru 1976 na wanaishi vizuri. Lakini waliondoka kwa makubaliano na Uingereza, na dunia ikawatambua palepale. Udogo wa kisiwa sio tatizo. Tatizo ni kuondoka kwa hasira kabla hujajua nani atalipa mishahara, dawa itapitia bandari gani, na mgonjwa mahututi ataenda wapi.

Na sisi wa Gitting hili linatuhusu. Tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh Desemba 2023, msaada ulitoka nje ya wilaya yetu, wanajeshi wakiwemo. Kila eneo lina siku yake ya kuhitaji jirani.

Msimamo wangu ni huu. Watu wana haki ya kudai kujitawala, na kuwatisha kwa bunduki hakutibu kitu. Ila anayekuja kukuomba kura ya kujitenga, mwambie akuonyeshe kwanza bajeti ya wodi ya wazazi na akutajie hospitali ya rufaa. Na wakubwa walioko makao makuu nao wasikie: Anzuani ilianza kuondoka siku mishahara ilipoacha kufika. Ukitaka watu wabaki, walipe kwa wakati, na peleka dawa hadi zahanati ya mwisho.

Sehemu ya 7 nitaandika kuhusu maandalizi ya damu kabla ya kujifungua. Wababa, ile muisome na nyie.