Mali Bila Daftari: Washairi na Uvivu wa Kujenga Seva

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaitumia sana kuwakejeli wafanyabiashara wazembe, lakini sijasikia hata siku moja ikielekezwa kwetu sisi washairi, ilhali mali yetu inapotea kila uchao. Leo naielekeza kwetu, na sitaomba radhi.

Nianze na msiba wangu. Kwa muda wa miaka sita kundi letu dogo la watunzi lilikuwa likilumbana kwenye ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii. Mmoja akitupa swali kwa tarbia, mwingine akijibu kwa vina vilevile, wa tatu akiingia kusuluhisha. Asubuhi moja tulikuta ukurasa haupo. Akaunti ya aliyeufungua ilikuwa imefungwa. Sababu hatukuambiwa, na barua tulizoandika zilijibiwa na mashine. Tukaulizana: nani ana nakala? Kila mmoja alikuwa na zake chache zilizosalia katika simu au kichwani. Maswali yakapatikana bila majibu, na majibu bila maswali. Malumbano yaliyokatwa nusu si malumbano tena. Ni manung'uniko ya mtu mmoja.

Wapo watakaosema hiyo ni bahati mbaya. Sikubali. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, mahali ambapo mamilioni ya watu walikuwa wamejenga kurasa zao. Aprili 2019 Google ilifunga Google+. Mwaka huohuo MySpace ilikiri kwamba muziki uliowekwa humo kabla ya 2016 ulipotea katika kuhamisha seva. Jambo likitokea mara moja ni ajali. Likitokea mara tatu ni desturi ya mwenye nyumba. Nasi tu wapangaji, tena wapangaji wasio na mkataba, na bado twashangaa tukitolewa vyombo nje.

Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Tungo zake zilidumu kwa kuwa watu walizihifadhi vifuani, kisha Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya na kumsaidia William Taylor kuzinakili na kuzifasiri. Diwani yenyewe ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo cha mtunzi. Karatasi za Taylor ziko London hadi leo. Muyaka ana udhuru: zama zake hazikumpa chombo kingine. Sisi udhuru wetu ni upi?

Chombo kipo, tena ni bure. Programu nne zinatosha. Ya kwanza ni Linux, mfumo endeshi unaobeba zote. Ya pili ni Apache, ambayo ni bawabu: msomaji akibisha hodi kwa kivinjari chake, yeye ndiye anayeitika. Ya tatu ni PHP, lugha ya skripti, karani anayesikiliza mgeni anataka nini na kumwandalia ukurasa wake papo hapo. Ya nne ni MySQL au ndugu yake MariaDB, hifadhidata, yaani kasha lenye droo zilizopangwa. Linux ilianza mwaka 1991; hizo nyingine, Apache, PHP na MySQL, zote zilitokea mwaka 1995. Si vitu vigeni wala vya majaribio. Kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo inaweza kuvibeba vyote vinne, na mtu mwenye subira atavisakinisha katika alasiri moja.

Nikisema hivi katika vikao vyetu, hupokewa kwa hoja tatu.

Hoja ya kwanza: hiyo ni kazi ya mafundi, mshairi kazi yake kutunga. Nasema huo ni uvivu uliovaa kanzu ya heshima. Wanazuoni wa zamani walichonga kalamu zao wenyewe na kukoroga wino wao wenyewe, na hakuna aliyewaona wameshuka daraja. Zaidi ya hayo, fundi asiyejua ushairi atakuharibia. Nimeona tovuti ambamo tarbia imemwagwa kama habari ya gazeti, mishororo minne ikawa sentensi moja ndefu, ukwapi na utao vikashikana. Fundi hakufanya uhalifu. Hakujua tu kwamba kurasa za intaneti zina tabia ya kuzimeza nafasi zote na kuzifanya moja, na kwamba kukata mstari ni lazima kuamuru. Sisi tunaojua kwamba nafasi ile katikati ya mshororo ina maana, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuidai.

Tazama pia jambo dogo la herufi zetu. Hifadhidata huzungumza kwa lugha iitwayo SQL, ambamo maneno hufungwa kwa alama ya ritifaa mwanzo na mwisho. Sasa mtunzi akiandika ng'ombe, au ng'ambo, au king'ora, skripti iliyoandikwa kizembe hudhani kwamba neno limeishia pale penye ritifaa, na shairi zima hukataliwa. Isitoshe, ufa huohuo ndio wezi wanaoupitia kupenyeza amri zao ndani ya hifadhidata. Dawa yake inajulikana: PHP ina njia ya kuandaa amri kwanza na kuacha nafasi tupu, kisha shairi likapelekwa peke yake, likachukuliwa kuwa maneno matupu hata likiwa na ritifaa mia. Mwandishi wa Kiswahili hujikwaa kwenye jambo hili siku ya kwanza, kwa kuwa ng' ni sauti yake ya kila siku. Basi ni nani mwenye haki zaidi ya kuliandikia mwongozo?

Na wenye kupenda hati za kale za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wasikilize. Hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018, MySQL isipoambiwa lolote ilichukulia kwamba kila maandishi ni ya Kilatini cha Ulaya Magharibi. Aliyeweka utenzi wa kale bila kuchagua mpangilio wa utf8mb4 aliweza kuja kukuta safu za alama za kuuliza tupu. Amri moja fupi ndiyo tofauti kati ya utenzi na alama hizo.

Hoja ya pili: lugha yetu haina maneno ya mambo haya. Hii inanikera zaidi, hasa ikitoka kwa watu wanaojiita wapenzi wa lugha. Nimetumia hapa hifadhidata, kivinjari, mfumo endeshi, skripti na seva. Je, kuna msomaji aliyepotea njia? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Walioifanya hawakungoja maneno yakamilike. Waliyaunda wakiwa kazini. Istilahi hazizaliwi na semina. Huzaliwa na haja. Mvuvi hakusubiri kamusi ndipo aite sehemu za jahazi lake. Anayesema Kiswahili hakiwezi kueleza seva huwa hajawahi kuijenga seva kwa lugha yoyote.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, nami sitaidharau: mitandao ya kijamii ina wasomaji, seva yako itakuwa msikiti wa jangwani. Ni kweli. Tena seva ina gharama zake: jina la kikoa hulipiwa kila mwaka, umeme hukatika, programu hutaka kusasishwa, na anayeijua akisafiri au akifa, wenzake hubaki gizani. Lakini hoja hii inachanganya baraza na kasha. Barazani tunakaa, tunacheka, tunarushiana vijembe. Usiku ukiingia, nani huacha dhahabu yake barazani? Tumieni mitandao hiyo kuwaita watu. Shairi lenyewe likae nyumbani, na nakala ndiyo itembee. Kuhusu gharama, watu kumi wakichanga hawataumia. Na kuhusu fundi mmoja kufa na elimu yake, dawa ni kuwafundisha watatu.

Ninalolitamani hasa halipatikani katika mtandao wowote wa kijamii. Hifadhidata hupangwa kwa majedwali. Tuwe na jedwali la watunzi, jedwali la tungo, jedwali la beti na jedwali la mishororo. Kila mshororo uandikiwe kina chake cha kati, kina chake cha mwisho na idadi ya mizani. Hapo mwanafunzi ataweza kuuliza: nionyeshe tungo zote zenye kina cha mwisho cha -ka. Au: mtunzi huyu alivunja mizani mara ngapi? Au: jibu la shairi hili liko wapi, na jibu la jibu lake? Skripti itajibu kwa kufumba na kufumbua. Mabishano yetu kuhusu arudhi, ambayo kwa miongo sasa tunayaendesha kwa sauti kubwa na ushahidi mdogo, yangepata mahali pa kupimwa. Labda ndiyo sababu wengine hawalitaki jambo hili!

Nakala rudufu nayo si muujiza. Amri moja, mysqldump, huyatoa majedwali yote katika faili moja la maandishi. Faili hilo liwekwe Mombasa, jingine Zanzibar, jingine Muscat kwa ndugu zetu walioko huko. Nyumba moja ikiungua, mbili zimesalia.

Kuna funzo moja la mwisho katika historia ya chombo chenyewe. Michael Widenius aliipa MySQL jina la binti yake, My. Baadaye mali hiyo ikauzwa kwa Sun, na mwaka 2010 ikaangukia mikononi mwa Oracle. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria, yeye na wenzake waliuchukua kihalali, wakaanza upya, na zao jipya wakalipa jina la binti wa pili, Maria. Mwenye nakala na haki ya kuitumia hatolewi nje na mtu. Sisi tulipofungiwa ukurasa wetu hatukuwa na kimoja wala kingine.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini; nasi tumemtegemea hata asiye ndugu. Kundi letu limeshapata kompyuta kuukuu na limeanza. Waliobaki na vipande vya malumbano yale tumewaomba wavilete. Nawe msomaji, kabla hujaniandikia kunipinga, hesabu kwanza: tungo zako ngapi zina nakala mahali unapopamiliki mwenyewe?

Tungo ziwe za nyumbani, funguo zetu tushike,
Zisikae ugenini, mwenyeji asizizike,
Tuziweke hazinani, kwa mpango zipangike,
Aje mwana duniani, azisome afunzike.