Baraka: Fomula bila bidoni si hesabu

BARAKA, FIZI – Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuandika ubaoni, bila kukosa, fomula ya ujazo wa silinda. Muonyeshe pipa lililo nyuma ya nyumba yao, umuulize linachukua lita ngapi: atakutazama tu. Kosa si lake. Amefundishwa kukariri, hakufundishwa kupima.

Wanaotetea hali hiyo wana jibu moja: vifaa hakuna. Ni kweli madarasa yamejaa, na walimu wengi wanaishi kwa mchango wa wazazi. Lakini kwa somo hili, jibu hilo halisimami. Karatasi moja ya sentimita 20 kwa 30 inatosha. Iviringishe iwe bomba lenye kimo cha sentimita 30, isimamishe mezani, ujaze mchanga. Kisha iviringishe kwa upande wa pili, kimo kiwe sentimita 20. Karatasi ni ileile, eneo ni lilelile: sentimita za mraba 600. Lakini bomba fupi linabeba sentimita za ujazo karibu 1,430, na lile refu 955 tu. Mtoto aliyemwaga mchanga huo kwa mikono yake hatachanganya tena eneo na ujazo.

Mfano mkubwa zaidi uko mbele ya mlango. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800; Tanganyika karibu 32,900. Hata hivyo Tanganyika inabeba maji karibu mara saba, kwa sababu kina chake kinafika mita 1,470, na cha Victoria mita 80 na kitu. Watoto wa Baraka wanaoga humo kila siku. Ni wangapi wamesikia hilo darasani?

Hili si jambo la pointi za Egzeta pekee. Fizi inakijua kipindupindu. Klorini inapimwa kwa lita za maji: ikipungua haiui vijidudu, ikizidi watu wanayakataa maji. Anayekisia ujazo wa tangi anacheza na maisha ya jirani. Na mama anayenunua ndagala kwa beseni lililobonyezwa chini anaibiwa ujazo, huku macho yake yakiona mdomo uleule wa beseni.

Programu ya kitaifa ya sayansi kwa darasa la 7 na la 8 inataka somo lianzie katika hali ya maisha. Basi wakaguzi wasiishie kwenye daftari la maandalizi. Waulize bidoni iko wapi. Maprefe waruhusu saa moja nje ya darasa. Mwalimu aeleze kwa Kifaransa, kisha arudie kwa Kiswahili.

Na mzazi anayelipa ana haki ya kumuuliza mtoto jioni: pipa letu linachukua lita ngapi? Akishindwa, asimchape. Aende shuleni.