Firimbi Nayo Ni Kazi

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tukisikia kazi ya michezo twafikiri ni kufunga mabao tu. Lakini timu yataka pia mwalimu, mganga na mtunza hesabu, na mchezo wenyewe hauanzi pasipo mwamuzi.

Mtazameni Bibi Salima Mukansanga wa Rwanda. Alisomea uuguzi na ukunga, tena akajifunza sheria za mpira. Mwezi wa Januari 2022, huko Kameruni, akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mchezo wa Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mwaka huo huo alikuwamo katika waamuzi 36 walioteuliwa kwenda Kombe la Dunia, Qatar. Wanawake walikuwa 3 tu.

Wazee husema mshika mawili moja humponyoka. Hapa mimi sikubali. Mguu wa mchezaji waweza kuvunjika siku moja, elimu haivunjiki. Basi apendaye mpira asiache kitabu.

Nanyi mliomaliza hapa, mnaozijua sheria za mchezo, njoni Jumamosi mtufundishe. Uwanja tunao, firimbi ipo. Mwalimu ndiye tusiye naye.