Elimu ya uraia ianzie kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji

Si ajabu siku hizi kumkuta kijana wa pwani ya Tanga, simu mkononi, akieleza bila kigugumizi kwamba mgombea urais wa Marekani anahitaji kura 270 kati ya 538 za wajumbe wanaomchagua Rais, kwamba Baraza la Seneti lina wajumbe 100, na kwamba Mahakama ya Juu ya nchi hiyo inaweza kuitangua sheria iliyopitishwa na wabunge. Aulizwe kijana huyo Mkutano Mkuu wa kijiji chake unapaswa kukutana mara ngapi kwa mwaka, au ni jambo gani Halmashauri ya Kijiji imekatazwa kulitenda bila idhini ya mkutano huo, aghalabu atanyamaza.

Kujua mambo ya dunia si dhambi, na Mtanzania aliyesoma hana budi kufahamu jinsi mataifa makubwa yanavyojitawala. Lakini ujuzi wa serikali ya mbali usioambatana na ujuzi wa serikali ya karibu ni kasumba ya aina mpya. Humfanya raia awe mtazamaji hodari wa mambo ya wengine na mgeni katika mambo yake mwenyewe. Walimu na watumishi wa umma, ambao ndio waliokabidhiwa kazi ya kuwaelimisha watu wazima, yawapasa kulitazama jambo hili kwa makini.

Mfano unaofaa ni Ushongo, wilayani Pangani, kusini ya mahali Mto Pangani unapoingia baharini. Ni nchi ya wavuvi na minazi. Kasa hupanda ufukweni kutaga mayai. Baharini mbele yake lipo fungu la Maziwe, ambalo zamani lilikuwa kisiwa chenye miti na leo ni mchanga unaofunikwa maji yakijaa. Kusini zaidi ipo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Uzuri huo umevuta hoteli za watalii, na hoteli zimeleta ajira na fedha. Lakini mahali pa namna hiyo kila hatua ya ardhi ya ufukweni ina bei, na kila barabara inayotengenezwa huipandisha bei hiyo. Hapo ndipo yanapozuka maswali ambayo hayajibiwi kwa kuimba mihimili mitatu ya dola. Wavuvi watapita wapi kwenda kuegesha ngalawa zao? Mikoko italindwa na nani? Ushuru uliokusanywa umefanya kazi gani? Anayetaka eneo la kujenga amalize shauri lake na nani?

Sheria za nchi zimeyajibu maswali hayo kwa uwazi mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katiba, katika ibara ya 146, inasema kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982 imeufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na mkutano huo unapaswa kukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni mtekelezaji tu. Ikitaka kutunga sheria ndogo, kwa mfano ya kulinda mikoko, hupeleka pendekezo lake kwanza mbele ya Mkutano Mkuu, kisha kwa Halmashauri ya Wilaya.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inakwenda mbali zaidi. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu iliyotangulia. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kwa manufaa ya umma, ukiwamo uwekezaji, na eneo halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, naye hana budi kuyazingatia kwanza mapendekezo ya mkutano huo. Ardhi haihamishwi mpaka fidia ikubaliwe. Ugomvi wa ardhi hupelekwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo katika wajumbe wake saba wanawake hawapungui watatu. Mwanakijiji anayeyajua haya ana ngao mkononi. Asiyeyajua ataletewa karatasi ya mahudhurio, ataandika jina lake, na miaka miwili baadaye ataambiwa kwamba siku ile aliidhinisha.

Watu wa Pangani hawahitaji kufundishwa madhara ya karatasi iliyotiwa saini bila wenyewe kuulizwa. Mwezi Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar aliwekeana mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, akaikabidhi utawala wa mwambao huu. Wenyeji hawakushirikishwa. Miezi michache baadaye Wajerumani walipokuja kushika forodha na kupandisha bendera yao, Pangani iliwaka moto. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano yaliyotikisa pwani, akanyongwa hapo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Raia wa leo hana haja ya bunduki ili aulizwe kabla ya ardhi yake kutolewa. Sheria imekwisha kuagiza kwamba aulizwe. Lililobaki ni yeye kujua hivyo, na mtumishi wa umma kuheshimu hivyo.

Kazi ya kumjulisha si ngeni nchini. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka huo huo ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako, ikawaandaa wananchi kwa uchaguzi mkuu. Ikafuata Wakati wa Furaha, katika kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, kisha mwaka 1973 kampeni kubwa ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kikundi kilikaa chini ya mti, kikasikiliza kipindi cha redio, kiongozi akasoma kijitabu, watu wakajadiliana, kisha wakaondoka na jambo la kutenda. Somo la afya lilimalizika kwa choo kilichochimbwa. Wakati huo huo madarasa ya kisomo yalikuwa yakiendelea nchi nzima, na idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ikashuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, kisha chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Hata hivyo ukweli wote usemwe. Katika miaka ile ile ambapo wananchi walifundishwa kujadili na kuamua, madaraka yenyewe yaliondolewa mikononi mwao. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilianza kufutwa, na mipango ya wilaya ikawa ya maofisa. Mwalimu mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Sheria ya 1982 ilikuwa imekwisha kuzirudisha, lakini tabia ya wananchi kumsubiri ofisa aseme haikuondoka kwa sheria. Fundisho lake ni kwamba elimu ya uraia isiyokuwa na madaraka ya kuyatumia hunyauka kama mche uliopandwa juu ya jiwe.

Marekani yenyewe, ambayo vijana wanaikariri, inatoa ushahidi wa jambo hili. Nchi hiyo inafundisha somo la serikali kwa bidii kubwa. Katika jimbo la Texas, mwanafunzi wa chuo cha umma hapewi shahada mpaka amesoma kozi za serikali ya taifa na ya jimbo. Mgeni anayeomba uraia, wakiwamo ndugu wengi waliotoka Kongo na Afrika ya Mashariki, hukabidhiwa maswali ya kujifunza. Yalikuwa 100 katika mtihani ulioanza kutumika 2008, na mwaka 2025 yakaongezwa hadi 128. Huulizwa baadhi yake, akipata idadi inayotakiwa amefaulu. Utaratibu huo humpa mtu cheti, lakini haumpi lazima uwezo wa kusimama mbele ya diwani wake na kudai haki yake.

Uwezo huo ulifundishwa Marekani mahali pengine kabisa, pwani kama hii. Katika kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina, watu weusi walinyimwa kura kwa sababu sheria ilidai mpiga kura aweze kusoma katiba ya jimbo. Mwezi Januari 1957 lilifunguliwa darasa la usiku katika vyumba vya nyuma vya duka la ushirika, ili wakubwa wasilione. Aliyelisimamia wazo hilo ni Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa katika chama kilichotetea haki za watu weusi. Aliyefundisha ni Bernice Robinson, msusi wa nywele ambaye hakuwa na cheti cha ualimu. Wanafunzi 14 wa kwanza hawakuanza na vitabu vya watoto. Walianza na yale waliyoyahitaji: kuandika majina yao, kujaza fomu ya hawala ya fedha, kusoma sheria ya uandikishaji. Madarasa hayo yalienea katika majimbo ya kusini, na mwaka 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ilipopitishwa, maelfu ya watu wa kawaida walikuwa tayari kuitumia.

Wazo hilo lina udugu na la Tanzania. Shule ya Highlander, iliyolea madarasa hayo, ilianzishwa mwaka 1932 na Myles Horton baada ya kwenda Denmark kujifunza habari za vyuo vya wananchi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa hapa nchini kuanzia 1975, kama kile cha Kiwanda wilayani Muheza na kile cha Handeni, vilifuata mfano wa vyuo vya jinsi hiyo vya Sweden. Mbegu ni moja, na vyuo hivyo ni vya umma. Hakuna sababu ya msingi kwa nini fundi seremala au mshonaji anayehitimu huko asihitimu pia akijua kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji chake.

Baadhi ya watumishi watasema kwamba watu hawahudhurii mikutano. Ni kweli mara nyingi, lakini sababu mojawapo ni kwamba mikutano huitishwa kwa kalenda ya ofisi. Mwalimu wa watu wazima wa pwani hana budi kuijua kalenda ya bahari. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, na mbalamwezi ikipevuka hupumzika, kwa kuwa taa zake hazivuti samaki. Mwanamke anayechokoa pweza hushuka miambani siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, na wakati wa maji mafu yupo nyumbani. Anayeitisha mkutano saa nne asubuhi siku ya bamvua amekwisha kuwafukuza wanawake kabla ya kuwakaribisha.

Vitabu vya somo hili navyo vipo tayari kijijini. Muhtasari wa mkutano uliopita, rasimu ya sheria ndogo, stakabadhi ya ushuru, hati ya hakimiliki ya kimila, na taarifa ya mapato na matumizi: hivyo ndivyo vitabu vya uraia. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kukisomea kikundi muhtasari huo jioni moja na kuuliza maswali matatu. Tuliamua nini? Nani alikabidhiwa kazi? Imefanyika? Ofisa Mtendaji anaweza kuibandika taarifa ya fedha mahali pa wazi bila kungoja kuombwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na redio za jamii zinao uwezo wa kufufua vikundi vya kusikiliza na kujadili, kwa lugha nyepesi na kwa mambo ya kila wilaya.

Kuna watakaoogopa. Mwananchi anayejua sheria huuliza maswali, na maswali humchosha mtendaji aliyezoea kutii kwa watu. Yawapasa viongozi wa Chama kukumbuka kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Makatazo hayo hayakufutwa na kuja kwa vyama vingi mwaka 1992. Somo la uraia si uwanja wa kukisifu chama chochote, hata kinachotawala. Likigeuzwa hivyo, wananchi watalikwepa, na watakuwa na haki ya kulikwepa. Chama kinachoamini kwamba kimetoka kwa wakulima na wafanyakazi hakina cha kuhofu kwa mvuvi anayesimama katika Mkutano Mkuu na kuuliza ardhi ya kijiji imekwenda wapi.

Wenyeviti wa vijiji waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wana kipindi cha miaka mitano. Katika kipindi hicho kila kijiji kinapaswa kufanya mikutano mikuu isiyopungua 20. Hayo ni masomo 20 ya uraia ambayo hayahitaji majengo mapya wala fedha za wafadhili. Yanahitaji mwalimu aliye tayari kutoka jioni, mtumishi aliye tayari kuonyesha vitabu vyake, na mkutano ulioitishwa maji yakiwa mafu. Kila mkutano unaopita bila kufanyika ni somo lililopotea, na huenda ukawa ndio ule ambao ungeokoa njia ya wavuvi kwenda pwani.