Kabla Ununue Gemu ya Pool, Hesabu Mbao Zako

Wasee, tangu niweke ile video nikicheza Virtual Pool 4, swali ni moja tu: kuna haja gani mtu wa Kitengela atoe pesa anunue gemu ya pool na meza ziko kila kona? Jibu langu ni kwamba wengi wenu hamuihitaji. Wachache wanaihitaji, na hao ndio wamenifanya niandike badala ya kujibu kwa sentensi moja.

Kwanza, ile iko kwa simu yako, 8 Ball Pool ya Miniclip, tuiweke kando. Ni tamu, na kuipakua ni bure. Lakini pale unachorewa mstari wa kulenga, unavuta kijiti kwa kidole, unaachilia. Ukiwa na kijiti kizuri zaidi, mstari unakuwa mrefu zaidi. Sasa fikiria uingie mahali hapa Yukos, jamaa akuambie anaona mbali kukushinda kwa sababu kijiti chake ni cha bei. Si watu watacheka?

Gemu zinazojaribu kufuata meza yenyewe ni kama Pure Pool ya VooFoo, iliyotoka 2014, na hizi za Virtual Pool za Celeris, ambazo zimekuwepo tangu 1995. Kwa Virtual Pool, mausi ndiyo mkono wako. Ukiisukuma polepole, mpira unaenda polepole. Ukigonga ule mweupe chini ya katikati, unarudi nyuma baada ya kugusa mwingine. Ukiugonga juu, unafuata. Ukiugonga kando, ukifika ukingoni unatoka na pembe tofauti na ile ulitarajia. Hapo ndipo pesa yako inaenda, kwa huo mpira mweupe. Mtaani kila mtu anajua kutumbukiza. Wanaojua mweupe utasimama wapi baada ya kutumbukiza ni wa kuhesabu, na ndio hao hushinda jioni nzima.

Hesabu sasa. Tuseme gemu ni dola 10, hiyo ni karibu 1,300 za kwetu. Mchezo kwetu ni mbao, kwa hivyo hiyo ni michezo 65. Lakini mnajua sheria ya mtaa: anayekuja ndiye analipa, mshindi anabaki. Ukiwa mzuri unaingia na mbao moja, unatoka nayo saa nne usiku ukiwa umecheza mara kumi. Kwa hivyo kama unacheza vizuri na meza iko karibu, hiyo 1,300 iweke kwa kitu kingine.

Kuna pia shida ya meza. Ya kompyuta imelala sawa kabisa, kitambaa ni kipya milele. Zetu mnazijua. Mguu mmoja umewekewa kipande cha tile, kitambaa kina alama ya sigara, na mpira ukienda polepole unapinda kuelekea shimo la karibu na kaunta. Wenyeji hucheza na hiyo pinda, ndiyo siri yao. Mimi nimefanya mazoezi ya wiki kadhaa kwa laptopu, nikaenda Kajiado mjini nikiwa na hesabu zote za pembe, na mzee mmoja wa shuka akanimaliza bila hata kuinama vizuri. Efren Reyes wa Ufilipino, yule wanamwita Mchawi, alikulia kwa pool ya mjomba wake Manila. Hakuna gemu inakupa hiyo.

Sasa wale wachache. Dada mmoja wa huko Isinya aliniandikia kwamba anapenda pool kuliko kitu chochote, na ameacha kwenda. Akiinama kulenga, kuna mtu nyuma anasema kitu. Akishinda, aliyeshindwa anaanza kumuuliza ni nani amemtuma baa. Akikosa, wanaume watatu wanakuja kumshikia mkono wamfundishe. Ananiuliza kama gemu itamsaidia, na nimemwambia anunue bila kufikiria mara mbili. Kwa 1,300 anapata meza ambayo hakuna mtu anamgusa.

Lakini inaniuma kusema hivyo. Msichana analipa 1,300 kwa kitu sisi tunapata na mbao, na tofauti hiyo tumeiweka sisi. Wenye meza wanaweza kuimaliza leo. Mtu akimsumbua mchezaji, anyang'anywe kijiti, arudi mwisho wa foleni. Wakiona pesa ya wasichana inaingia kwa ile tundu, sidhani watajuta. Na wewe uliyesimama hapo ukicheka, najua wewe hujasema kitu. Kucheka kunatosha.

Mwingine ni kijana wa sekondari. Sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, hairuhusu aliye chini ya miaka 18 ndani ya baa, na meza nyingi ziko baa. Huyu asingoje. Ajifunze kwa kompyuta. Akifikisha umri atakuja na mpira mweupe tayari uko mkononi.

Na kuna yule anayechezea soo kwa kila mchezo, pesa ya pikipiki ya siku nzima inaishia mezani. Kwa gemu unaweza kushindwa mara ishirini na asubuhi bado uko na pesa ya mafuta. Sisemi zaidi, mnajijua.

Ukiamua kununua, usisumbuke kutafuta mashine kubwa. Ya kwangu ni laptopu ya mtumba na inaisukuma Virtual Pool bila shida. Tafuta mausi ya kweli, kwa sababu ile sehemu ya kugusa na kidole itakuharibia kila kitu. Nunua kwa Steam siku ambayo uko na muda wa kuketi nayo, maana wanakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Saa mbili zinatosha kujua kama mkono wako unaielewa.