Jasho la Watunzi wa Tabora
Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alipatana ujira na posho kabla ya kujitwika pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Nyimbo za Kiko Kids na Tabora Jazz zilisafiri mbali zaidi: Redio Tanzania ilizirusha nchi nzima, na santuri zikatengenezwa Nairobi. Lakini watunzi wengi waliambulia sifa tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka kuwa kila mtu ana haki ya kupata malipo ya haki kwa kazi yake. Basi kula jasho la mtunzi ni unyonyaji, hata mlaji akiwa chombo cha umma. Sheria ya Hakimiliki inayotumika sasa ni ya mwaka 1999. Wanaopiga nyimbo hizo leo wawalipe wazee hao, au warithi wao.