Uchambuzi: Bia ya kiwandani yaadimika, pombe ya ndizi yangoja nafasi yake

Mji wa Rumonge uko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Bia ya kiwandani hufika huko kwa lori. Lori likikosa mafuta, au kiwanda kikikosa malighafi, meza za kabare hubaki bila Primus wala Amstel, na chupa chache zinazopatikana huuzwa kwa bei inayozidi ile iliyotangazwa. Hali hiyo imejirudia mara kwa mara katika miaka ya karibuni, wakati Burundi ikikabiliwa na uhaba wa mafuta na wa fedha za kigeni.

Chanzo chake si kigumu kukielewa. Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955, ambamo Heineken ya Uholanzi na serikali ya Burundi ni wabia, hutegemea kwa kiasi kikubwa bidhaa za nje: kimea cha shayiri, hopsi, vipuri vya mitambo. Vyote hulipiwa kwa dola au euro. Kampuni hiyo imekwisha kuonyesha kuwa njia nyingine ipo, kwani bia yake ya Nyongera hutengenezwa kwa mtama wa wakulima wa nchini.

Hata hivyo, kuna vinywaji ambavyo havijawahi kungoja dola. Urwarwa, pombe ya ndizi, hutokana na ndizi zilizoivishwa shimoni, zikakamuliwa kwa nyasi, maji yake yakachujwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Baada ya siku chache huwa tayari. Maji ya ndizi yasipozimuliwa hupatikana isongo, iliyo kali zaidi. Impeke, pombe ya mtama, hunywewa kwa mirija kutoka katika chungu kimoja, na kwenye sherehe nyingi za posa na harusi huwa bado na heshima yake. Hata katika enzi ya ufalme, mtama ndio uliokuwa kiini cha Umuganuro, sikukuu kuu ya kufungua msimu wa kupanda.

Swali linalojitokeza basi ni hili: kwa nini kinywaji kilichozoeleka kiasi hicho kimebaki nyuma ya nyumba, huku kile kinachotegemea bandari za mbali kikipewa meza ya mbele?

Mfano wa Japani unaweza kusaidia kulijibu. Leo wageni husafiri hadi huko kuhudhuria tamasha za bia na kuonja bia za kienyeji za kila mkoa. Kabla ya mwaka 1994 jambo hilo lisingewezekana, kwa kuwa sheria ilimnyima leseni mtu yeyote asiyeweza kutengeneza lita milioni 2 kwa mwaka. Soko likabaki mikononi mwa makampuni machache makubwa. Mwaka huo kiwango kilipunguzwa hadi lita 60,000, na sasa watengenezaji wadogo wanahesabika kwa mamia. Ujuzi ulihitajika, lakini mlango ulifunguliwa na sheria.

Lita 60,000 kwa mwaka ni takriban lita 165 kwa siku. Hicho si kipimo cha mama mmoja mwenye mtungi mmoja, lakini ushirika wa kilima, kama zile za Sangwe, unaweza kukikaribia.

Nchi jirani zinatoa mafunzo ya namna mbili. Nchini Uganda, mwaka 2002, bia ya Eagle ya mtama iliingia sokoni ikiwa na nafuu ya ushuru, na wakulima wakapata mnunuzi. Mjini Arusha, Tanzania, mvinyo wa ndizi huuzwa ukiwa kwenye chupa yenye nembo. Kenya, kwa upande wake, iliihalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, ikiwa na masharti ambayo wapishi wengi wadogo hawakuyamudu. Biashara ya kificho ikaendelea. Mwezi Februari 2024, watu zaidi ya 10 walifariki katika kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Funzo ni kwamba ruhusa isiyo na upimaji unaofikika haimlindi mnywaji.

Burundi inayo ofisi ya viwango, BBN, ambayo huidhinisha vinywaji vinavyofungashwa. Ugumu uko kwenye gharama ya chupa, ya kipimo na ya safari. Pia ni lazima kutofautisha urwarwa, ambayo huchachushwa tu, na kanyanga, ambayo hukenekwa na imepigwa marufuku. Kuziweka katika kapu moja ni kumwadhibu mpishi mwaminifu kwa kosa la mwingine.

Wasemaji wengi wa Kiswahili wa mwambao huu ni Waislamu, na dini yao inaharamisha pombe. Suala hili linawagusa hata hivyo, kwa sababu dola inayonunua kimea ni ileile inayotafutwa kwa ajili ya petroli na dawa. Wapo pia wanaohofia, na wana haki, kwamba ndizi na mtama vikikimbilia mtungini, chakula kitapungua, hasa wakati magonjwa ya mnyauko na ya kudumaa yakiendelea kuishambulia migomba.

Kwa hiyo, suala si watu wanywe zaidi. Pombe ya ndizi inanyweka tayari, kila siku, bila kipimo wala nembo, na faida yake kwa aliyeipika ni ndogo. Lililobaki kwa wenye mamlaka ni kuamua kama kinywaji hicho kitaendelea kuwa cha kuziba pengo la Primus, au kitapewa kipimo, ushuru unaobebeka na mahali pake halali sokoni.